Sheikh Amri Abedi kwenye meza yetu ya Muhumba

Habari hii ilianza kwa ugomvi. Tulikuwa kwenye mkutano wa chama chetu, tukipanga makala za kijitabu hiki cha mila na desturi. Mmoja alikuwa ameleta habari ya mahari ya Bashi, mwingine habari ya mavuno na ya ngoma. Sisi ndugu watatu tulisema kwamba tungependa kuandika juu ya mashairi ya Kiswahili, yale yenye vina na hesabu. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu sana, akaweka miwani yake mezani akauliza: "Sasa hiyo Kiswahili mutaiandika mu kitabu ya mila? Kiswahili iko na mila gani? Ile ni luga ya soko na ya basoda."

Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, juu mzee akisema neno la mchezo huwezi kukaa kama umenuna. Lakini tulirudi nyumbani bila kuongea. Mzee hakusema uongo mtupu. Wazee wengi wa Bukavu wanafikiri hivyo: Mashi ndiyo ya mila, Kifaransa ndicho cha masomo, na Kiswahili ni cha kununulia samaki. Lugha hiyo ilifika huku na misafara ya watu wa Tippu Tip, wale walioitwa Waungwana, ambao kwa jina lao Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana. Ilifika na minyororo. Kisha Wabeleji wakaitumia kutoa amri kwa wafanyakazi na kwa askari. Nani atapenda kuiita lugha ya namna hiyo mila yake?

Jibu letu ni maisha ya mtu mmoja. Hakuzaliwa Bukavu, na hatuna habari kwamba aliwahi kufika Bukavu. Alikuwa meya wa mji mkubwa wakati wa ukoloni, akawa mbunge, akawa waziri, na kabla ya hayo yote aliandika kitabu kidogo ambacho kilikaa miaka mingi kwenye meza yetu ya chakula, hapa Muhumba.

Tuanze na hiyo meza. Wale waliokuja Bukavu juzi wanaona Muhumba kama kartye ya nyumba nzuri zinazotazama ziwa, basi. Wakati mji ungali unaitwa Costermansville, Muhumba ilikuwa ya Wazungu. Mtu mweusi aliingia asubuhi kufanya kazi, na jioni alipaswa kupanda kurudi Kadutu. Babu yetu alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya huku. Alijua kupika sosi ambazo hakuruhusiwa kuzionja mezani, na alipochelewa kutoka, alitembea na karatasi ya bwana wake mfukoni, ili askari wa njiani wasimkamate. Baada ya uhuru, mambo yalipogeuka, Baba yetu alipata kupanga nyumba ndogo ya nyuma katika kiwanja kilekile, nyumba iliyokuwa ya maboi. Ndimo tulimokulia. Meza yenyewe ilitoka kwenye nyumba kubwa; mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

Baba alikuwa karani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bado kijana, alifanya kazi Uvira kwa mfanyabiashara aliyemtuma mara kwa mara Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika safari moja alirudi na vitu vitatu: kitenge kwa ajili ya mama yake, sabuni, na kitabu chembamba kilichochapwa Kampala mwaka wa 1954. Jina lake: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi: Amri Abedi.

Alipokuwa akitusimulia, Baba alisema alikinunua kwa sababu ya neno moja tu, "sheria". Alikuwa karani, alipenda kanuni. Hakujua kwamba mashairi yana sheria. Alifikiri mtu anaimba tu kama anavyosikia.

Mama hakukipenda. Sisi ni watu wa Kanisa Katoliki tangu Babu, na kwenye nyumba ya Mama kuleta kitabu cha shehe ilikuwa kama kuleta paka mweusi. "Huyu eko Muislamu," alisema. Baba akajibu: "Vina haviendi misa wala musikiti." Kitabu kikabaki.

Basi huyu shehe alikuwa nani?

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka wa 1924 Ujiji, karibu na Kigoma. Ujiji wengi wanaijua kwa sababu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka wa 1871. Sisi wa upande huu tuna sababu nyingine ya kuujua. Ujiji ni mji wa Wamanyema. Watu kutoka upande wetu, kutoka Maniema na pande zake, walivushwa ziwa katika karne ya 19, wengine wakiwa mateka, wengine wapagazi, wengine askari wa misafara, na wengi hawakurudi tena. Walibaki Ujiji, na hata Tabora na Dar es Salaam, wakaoa, wakalima, wakawa Waislamu, na lugha yao ya nyumbani ikawa Kiswahili. Ukitembea Ujiji unasikia majina ambayo ungeweza kuyasikia Kasongo au Fizi. Katika mji huo, mwenye lugha iliyofika na minyororo, mtoto Amri alijifunza kusema.

Alisoma shule ya serkali ya Tabora, ile ambayo Julius Nyerere pia alipita. Tabora ndipo alipokutana na mafundisho ya Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mmishonari wake Sheikh Mubarak Ahmad alikuwa amefika Afrika ya Mashariki mwaka wa 1934. Amri akawa mwalimu na mhubiri wao. Neno hili halikumrahisishia maisha, maana Waislamu wengi wa Tanganyika hawakukubaliana na Ahmadiyya hata kidogo, na mabishano yalikuwa makali. Lakini kwa ajili ya Kiswahili lilileta matunda: mwaka wa 1953 jumuiya hiyo ilichapa Nairobi tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na Amri Abedi alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Kabla ya hapo ilikuwepo ya Padri Dale wa misheni ya Kiingereza, ya mwaka wa 1923. Hebu fikiri kidogo: kutafuta kila neno, kupima kama linabeba uzito unaotakiwa, miaka na miaka. Mwaka mmoja baadaye akatoa kitabu cha mashairi. Kisha akaenda kusoma Pakistan.

Sasa turudi kwenye meza, maana siasa yake tutaifikia.

Jioni, taa ya mafuta ikiwashwa, Baba alituita: "Batoto, mukuye hapa. Mulete vidole." Aliposema tulete vidole, tulijua ni kuhesabu mizani. Shairi la kawaida, kadiri ya kitabu kile, ni beti; kila ubeti una mistari minne; kila mstari umekatwa vipande viwili; kila kipande kina mizani minane, yaani silabi nane. Vipande vya kwanza vinaishia na sauti moja, vya pili vinaishia na sauti nyingine, na mstari wa mwisho unafunga au unarudi kila ubeti kama kiitikio. Na mwandishi alishikilia kwamba shairi lisiloweza kuimbwa limekosa kitu. Juu ya hiyo Baba alitulazimisha kuimba. Yaya wetu, mkubwa wetu, alikuwa na sauti ya mbuzi, lakini aliimba.

Shida ilianza na neno "mtoto".

Tulikuwa tumetunga mstari wetu wa kwanza, sisi wenyewe, na tuliuandika kama shule ilivyotufundisha: "Mtoto wetu alia, mama ameenda soko." Yaya akahesabu: to-to-we-tu-a-li-a, saba. Akasema mstari umepungua. Baba akachukua kitabu, akasoma, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Rudia. Ile m iko na mizani yake." Kadiri ya sheria za ushairi, m ile ya mwanzo inahesabiwa peke yake kama silabi nzima: m-to-to, tatu. Vilevile n ya "nchi": n-chi, mbili.

Yaya akabisha. Akasema m haina vokali, utaihesabu namna gani? Ndipo Baba akapiga meza, mpaka mguu wenye waya ukalia, akasema: "Sema vile unasemaka kila siku!" Yaya akasema: "Mutoto." Baba akasema: "Hesabu." Mu-to-to. Tatu. "Na nchi?" "Inchi." I-nchi. Mbili.

Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa labda ataona hii ni kitu kidogo. Kwetu haikuwa kitu kidogo. Tulikuwa tumefundishwa, na watu wazima na vitabu na hata redio, kwamba "mutoto" na "inchi" ni makosa ya watu wa Kongo, Kiswahili kibovu, cha porini. Na hapa kitabu cha sheria, cha mwana wa Ujiji, kinatuambia kwamba masikio ya washairi yanaipa ile m nafasi kamili, kama vile midomo ya mama yetu ilivyoipa siku zote. Mtu wa pwani anaificha vokali lakini anailipia mizani yake. Sisi tunaitamka. Hesabu ni ileile. Baba alicheka mpaka akakohoa, akamwita Mama kutoka jikoni aje asikie. Mama akasikiliza, akasema: "Sasa mulikuwa munazani nasema vibaya?" Akarudi kwenye sombe yake.

Hatutaki kudanganya: Amri Abedi hakuandika kitabu kwa ajili ya kusifu Kiswahili cha Kongo. Maneno yake ni ya Kiswahili sanifu na ya washairi wa zamani wa pwani, na watu kama Baba walilazimika kusoma na kamusi kando. Tunasema tu kile tulichokiona kwenye meza yetu.

Tuje kwa umeya.

Dar es Salaam ilipata halmashauri ya mji yenye meya mwaka wa 1949. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kama wetu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na nyuma yake. Mameya wa kwanza hawakuwa Waafrika. Mwaka wa 1960, gavana wa Kiingereza Richard Turnbull angali ikulu na bendera ya malkia ingali juu, madiwani wakamchagua Sheikh Amri Abedi kuwa meya. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Umri wake: miaka 36 hivi. Mhubiri, mtunga mashairi, mwana wa Ujiji, akavaa joho na mkufu wa meya.

Wakati ule sisi Kongo tulikuwa na mambo yetu. Mwaka wa 1957 Wabeleji walikubali uchaguzi wa komini katika miji mitatu ya kwanza, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na Joseph Kasa-Vubu akawa bugumestre wa komini ya Dendale. Bukavu ilipewa hadhi ya mji wenye komini mwaka wa 1958. Lakini angalia vizuri jinsi ilivyopangwa: Mwafrika alikuwa bugumestre wa komini, na juu yake, kwa mji mzima, palikaa bugumestre wa kwanza, Mbeleji aliyeteuliwa na serkali. Kasa-Vubu alipoapishwa mwezi wa nne wa 1958 alidai hadharani uchaguzi wa kweli na utawala wa wenyeji wenyewe, na wakubwa walikasirika. Miaka miwili baadaye alikuwa depite, kisha raisi wa inchi. Basi haikuwa kwamba watu wetu walikosa akili ya kutawala mji. Walipewa chumba kimoja cha nyumba, funguo za mlango mkubwa zikabaki na mwingine. Babu yetu, aliyefagia ile nyumba kubwa ya Muhumba, aliielewa hiyo siasa bila kufundishwa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Amri Abedi aliingia Bungeni, ambalo lilikutana kwenye Ukumbi wa Karimjee, mjini kwake. Alikuwa mkuu wa jimbo kwa muda, na mwaka wa 1963 Nyerere akamfanya Waziri wa Sheria. Wengine wangeona ajabu: mtu wa vina na mizani, anaenda kutafuta nini kwenye sheria za Waingereza? Alienda kutafuta maneno. Mahakama za chini zilikuwa zinapangwa upya wakati huo, zile zinazoitwa mahakama za mwanzo, na lugha yake ikawa Kiswahili. Ilibidi kupata maneno ya Kiswahili kwa mambo ambayo wanasheria walikuwa wakiyasema kwa Kiingereza tu: dhamana, rufaa, mdai na mdaiwa, na mengine mamia. Kazi hiyo iliendelea baada yake pamoja na wataalamu wa chuo kikuu, na ilizaa kamusi ya maneno ya sheria. Mtu aliyekwisha kuzoea kupima neno la Kurani na neno la shairi, ndiye aliyekuwa sawa kuianza.

Hapa tunapumzika kidogo tuseme jambo la nyumbani. Babu yetu, miaka michache baada ya uhuru, aliitwa kwenye ofisi moja ya hapa mjini kuhusu kiwanja kidogo alichokuwa amejenga juu ya Kadutu. Wakampa karatasi ya Kifaransa. Babu alijua Mashi, alijua Kiswahili, na Kifaransa alijua cha jikoni tu: chumvi, siagi, moto mdogo. Akaambiwa ni karatasi ya kumlinda. Akaweka kidole. Baba aliporudi kutoka Uvira akaisoma, akakuta inasema kwamba Babu anakaa pale kwa muda na ataondoka akiambiwa. Na aliambiwa. Baba alikuwa akituonyesha nakala ya karatasi ile, aliyoihifadhi ndani ya kitabu cha mashairi, kati ya kurasa za diwani. Hatujui kama alifanya kwa kusudi. Lakini kila tulipofungua kuhesabu mizani, ilidondoka.

Ndiyo maana tunaposikia kwamba lugha ya soko haiwezi kuwa na mila, sisi tunaiona ile alama ya kidole ya wino wa zambarau. Lugha ambayo watu wote wa mji wanaielewa, kama haiingii mahali panapoamuliwa mambo, watu watakuwa wanaweka kidole bila kujua. Kwetu mpaka leo sheria inaandikwa kwa Kifaransa, ingawa Kiswahili kimetajwa katika katiba ya 2006 kati ya lugha nne za taifa.

Mwaka wa 1964 Amri Abedi alihamishiwa wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Huko alikuwa mahali pake hasa. Alikuwa pia kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, pamoja na watu kama Mathias Mnyampala, ambaye alikuwa Mkristo kutoka Dodoma. Lakini mwezi wa kumi wa mwaka uleule alifariki Ujerumani ya Magharibi. Miaka 40. Shaaban Robert alikuwa amemtangulia mwaka wa 1962. Katika muda wa miaka miwili tu Kiswahili kilipoteza wawili wake. Arusha kuna uwanja mkubwa wa michezo wenye jina lake, na vijana wetu wanaofuata mpira kwenye redio wanalisikia kila mara, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, bila kujiuliza ni nani. Sisi wenyewe tuliuliza siku moja kundi la vijana mbele ya duka la vocha. Mmoja alijibu kwamba ni mchezaji wa zamani.

Baba alisikia habari ya kifo kwenye redio ya Dar es Salaam. Alisema hakuwa amewaza kwamba mwandishi wa kitabu chake ni mtu mwenye umri karibu na wake. Alimfikiria kama mzee mwenye ndevu nyeupe, juu kitabu kilikuwa na sheria.

Kitabu tulikipoteza mwaka wa 1996. Mwezi wa kumi wa mwaka ule, vita ilipoingia Bukavu, tulitoka na vifurushi tukapanda milimani na wengine. Tuliporudi nyumba ilikuwa wazi. Sufuria zilikwenda, godoro zilikwenda, na vitabu vilikuwa vimechomwa kuwashia moto wa makala. Meza ilibaki. Baba aliitazama akasema: "Hii hawakuweza kubeba juu ya ule mguu." Hakutaja kitabu, wala karatasi ya Babu iliyokuwa ndani. Alifariki miaka sita baadaye.

Miaka ya baadaye yaya wetu, yule wa sauti ya mbuzi, alifanya biashara ya vitenge na akafika Kigoma kama Baba alivyofanya. Bandarini alipofungua mdomo, wapagazi wakacheka: "Huyu Mkongo!" Alisema neno moja, wakalirudia kwa kumwigiza. Alivumilia. Jioni alipanda gari ndogo mpaka Ujiji, akakuta wazee wamekaa kwenye baraza chini ya mwembe. Akawaamkia, wakamuuliza anatoka wapi, akasema Bukavu. Mzee mmoja akasema: "Karibu kwenu." Yaya akauliza kama wanamjua Sheikh Amri Abedi. Wakamwangalia kama mtu aliyeuliza kama wanalijua ziwa. Mzee yule akaanza kuimba shairi, polepole, akikata vipande kwa mkono, na yaya wetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, akajikuta anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Nane. Nane. Alitusimulia hayo kwa simu, tukasikia kwamba analia, ingawa alidai ni mtandao mbaya.

Tuseme pia upande mwingine, tusije tukaonekana kama watu wa kusifu tu. Sheria za Amri Abedi zilikuwa ngumu. Kuanzia miaka ya 1970 washairi vijana, na Euphrase Kezilahabi mbele yao na kitabu chake Kichomi cha 1974, waliandika mashairi yasiyo na vina wala hesabu, na ugomvi ulikuwa mkubwa kwenye magazeti na vyuo: wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Sisi watatu hatukubaliani hata kati yetu. Mdogo wetu anasema sheria zilikuwa kama joho la meya, zuri lakini zito. Yaya anasema asiyejua kuhesabu nane asijidai kuvunja nane. Na watoto wetu wanaimba rapu za Kiswahili cha Kadutu, zenye vina mpaka unachoka, na hakuna aliyewafundisha. Tungependa kujua shehe angewaambia nini. Labda angewauliza tu waimbe tena, polepole, ahesabu.

Tulisoma makala hii kwenye mkutano uliofuata. Mzee wetu wa miwani alisikiliza mpaka mwisho, akasema habari ni nzuri ila ni ya watu wa Tanzania, kisha akakubali iingie, mradi habari ya mahari ya Bashi itangulie. Tulikubali. Yeye ni mkubwa.

Juma moja baadaye alipiga hodi kwetu, jioni, peke yake, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi, na alikuwa ametunga kitu cha kusoma kwenye sherehe. Alitaka tumwangalizie hesabu. Tuliketi kwenye meza ileile. Mstari wa kwanza ulisema: "Mujukuu wangu leo, anatuacha na machozi." Kipande cha kwanza ni nane kamili. Cha pili tulihesabu mara mbili, kwa sauti: a-na-tu-a-cha-na-ma-cho-zi. Tisa.

Tukamwambia kwa adabu kwamba akiondoa "tu" itakaa vizuri: "anaacha na machozi". Mzee akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na taa, akasoma kimyakimya akigusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Hapana," akasema. "Machozi iko yetu. Yeye eko nacheka."

Akaikunja karatasi akaenda nayo vilevile.